Somo: Kukagua Draiva ya Chipu ya Flashi Kabla ya Kuipokea

Somo hili linahusu draiva, yaani msimbo unaoiendesha chipu, za chipu za NOR (aina ya flashi) zinazowasiliana na prosesa kwa SPI, njia ya waya chache, kama W25Q128 ya Winbond tunayoifunga kwenye vipima mvua hapa karakanani Sakina, Arusha.

Hatua ya kwanza: fungua datashiti (hati ya kiwanda ya maelezo ya chipu) kando ya msimbo, kisha angalia utambulisho. Kwa W25Q128 yetu, amri 9F hurudisha EF, 40 na 18 (amri na majibu haya yameandikwa kwa heksadesimali). Draiva inayokubali FF tatu mfululizo inaitambua chipu ambayo haipo, kwa hiyo irudishe kwa mwandishi.

Hatua ya pili ni uandishi, na hapa usiwe na haraka. Ukurasa una baiti 256, na amri 02 haivuki mpaka wake: ukiandika baiti 40 kuanzia anwani 240, 16 za kwanza hukaa mahali pake, lakini 24 zilizobaki hurudi mwanzo wa ukurasa uleule, na kwa kuwa uandishi huweza tu kugeuza biti 1 kuwa 0, data mpya huchanganyika na ya zamani bila chipu kutoa ishara yoyote ya kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kupitisha msimbo wenye kasoro hiyo, nikapanda Kibosho mara mbili kubadilisha betri isiyo na hatia. Hakikisha pia kwamba amri 06 inatumwa kabla ya kila uandishi na kila ufutaji, kwa sababu ruhusa hiyo hujifuta kazi inapokamilika.

Hatua ya tatu: usubiriaji. Draiva husoma rejista ya hali kwa amri 05 hadi biti ya chini kabisa, inayoonyesha kuwa chipu bado ina kazi, iwe 0. Kufuta sekta ya kilobaiti 4 huchukua kwa kawaida milisekunde 45, lakini datashiti inaruhusu hadi 400, kwa hiyo kikomo cha kusubiri cha milisekunde 100 kitafaulu mezani na kushindwa shambani. Kukosa kikomo kabisa ni kubaya zaidi: waya ukikatika, usomaji unaweza kuwa FF daima, na kifaa kitasubiri milele.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilihamia W25Q256, na sasa kifaa hakiwaki nikibonyeza kitufe cha kuanzisha upya, ila nikichomoa umeme kinawaka. Kosa liko wapi?*

Ndugu yangu, anwani ya baiti 3 hufika megabaiti 16 tu, na W25Q256 ina zaidi ya hizo, hivyo bila shaka draiva yako iliiweka chipu katika hali ya baiti 4 kwa amri B7. Kitufe huanzisha upya prosesa peke yake. Chipu hubaki katika hali ileile huku programu ya kuwashia ikituma baiti 3. Tumia amri zenye anwani ya baiti 4 zenyewe, kama 13 ya kusoma, na usibadili hali ya chipu kabisa. Kutuma E9, amri ya kuirudisha chipu kwenye baiti 3, kabla ya kuanzisha upya hakutoshi, kwa sababu prosesa ikikwama haitapata nafasi ya kuituma.

*Je, hatua hizi zinatosha kwa NAND, ile aina nyingine ya flashi?*

Hazitoshi. NAND huweza kutoka kiwandani ikiwa na bloku mbovu (sehemu zisizofaa kuhifadhi data) na huhitaji usahihishaji wa makosa, kwa hiyo anza kwa kukagua hayo mawili.