Kolaji ya wembe kwa mtindo wa Linder

Mwaka 1977 Linder Sterling, msanii kijana wa Manchester, alichukua picha ya mwanamke aliye uchi, akamwekea pasi ya umeme badala ya kichwa, kisha akabandika midomo inayotabasamu penye chuchu. Kolaji hiyo, yaani picha iliyoundwa kwa vipande vilivyokatwa na kubandikwa, ikawa jalada la santuri ya bendi ya Buzzcocks. Mwaka 2025 kazi zake zilitundikwa Hayward Gallery, London. Vifaa vyake ni wembe wa upasuaji, kioo, gundi na majarida.

Panga majarida marundo mawili: ya wanaume (magari, wanawake wa kutazamwa) na ya wanawake (mitindo, mapishi, vyombo vya nyumbani). Siasa ya kolaji hii imo humo. Marundo yote mawili yanamfanya mwanamke bidhaa, na wembe ndio unaoyakutanisha. Ukikata kutoka rundo moja tu utapata pambo. Chukua picha moja ya msingi na vipande viwili au vitatu. Vikizidi, jicho halijui litue wapi. Hakikisha kivuli cha kila kipande kinaangukia upande mmoja na cha picha ya msingi.

Tumia wembe namba 11 kwenye mpini namba 3, na kioo chini ya karatasi. Kadibodi hunasa ncha na mkato ukapinda. Kioo hakinasi, ila hufifisha makali haraka, kwa hiyo badili wembe mara karatasi inapoanza kuchanika. Anza na matundu ya ndani, umalizie ukingo wa nje, maana kipande kikishalegea hakishikiki tena. Zungusha karatasi, mkono utulie. Mstari mweupe ukionekana ukingoni, upitishie penseli ya rangi inayokaribiana.

Panga vipande vikavu kwanza na uvipige picha kwa simu. Gundi ya maji huharibu kazi nyingi: karatasi nyembamba ya jarida hulowa, hutanuka, ikikauka inakunjamana. Gundi ya stiki ni salama zaidi. Paka kutoka katikati kuelekea kingo, bandika, funika kwa karatasi safi na uweke kitabu kizito kwa saa 24.

Rangi zikigombana, toa fotokopi kwenye karatasi ya njano. Jalada la Buzzcocks, lililosanifiwa na Malcolm Garrett, lilichapwa kwa buluu juu ya njano, na wino mmoja hufanya vipande vya majarida tofauti vionekane mwili mmoja. Kolaji yenyewe iweke mbali na jua, maana karatasi ya bei nafuu hugeuka manjano.