Kuweka tovuti ya seva ya nyumbani hewani bila kuacha poti hovyo

Una seva nyumbani, labda kompyuta ya zamani tu au Raspberry Pi, tovuti yako inafunguka vizuri ukiwa kwenye waifai, sasa unataka na watu wa nje waione. Wengi hapa wanakimbilia rauta moja kwa moja wafungue poti (mlango wa mtandao unaopitisha huduma fulani) halafu mambo ya usalama eti watayaangalia baadaye. Hapana, anza na kufunga ndo ufungue, maana poti ikishakuwa wazi roboti za mtandaoni hazichelewi kuifikia na hazichagui tovuti kubwa wala ndogo. Mfano wangu ni Debian au Ubuntu, IP ya seva kwa ndani ni 192.168.1.50, na jina ni tovuti.example.com, we weka ya kwako.

Kwanza jua kama una IP ya umma

Ingia kwenye rauta uangalie IP ya upande wa WAN (unaoelekea intaneti), halafu kwenye seva andika:

`curl -4 ifconfig.me`

Zikifanana uko poa. Zikitofautiana, hasa ile ya rauta ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127, au 10 kitu, basi uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa huduma amewarundika wateja kibao kwenye IP moja na hata ufungue poti usiku kucha hakuna kitu kitaingia. Hapo waombe IP ya umma, au tumia Cloudflare Tunnel ambayo seva yako ndo inapiga simu kwenda nje kwahiyo huhitaji kufungua poti yoyote, ila ujue Cloudflare wanafungua usimbaji katikati, trafiki yako wanaweza kuiona. Kama hilo linakukera kodi VPS ndogo (seva ya kukodi mtandaoni) uiunganishe na nyumbani kwa WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa kati ya mashine zako). Ukichagua Cloudflare Tunnel, hatua za rauta, DNS (inayogeuza jina kuwa IP) na Caddy (programu inayohudumia tovuti) huko chini ruka, za kufunga seva zinakuhusu vilevile.

Funga SSH

SSH ndo njia ya kuingia na kuendesha seva ukiwa kwenye mashine nyingine. Kwenye laptopu yako:

`ssh-keygen -t ed25519`
`ssh-copy-id jina@192.168.1.50`

Jaribu kuingia, ukiona umeingia kwa ufunguo bila kuulizwa paswedi ya seva, tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/01-funga.conf` uandike:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
```

Hiyo 01 sio pambo. SSH inashika mpangilio wa kwanza inaokutana nao, na baadhi ya Ubuntu zinakuja na faili la 50-cloud-init linalowasha paswedi, kwahiyo ukiandika la kwako likaitwa 99 utadhani umefunga kumbe bado. Kisha:

`sudo sshd -t && sudo systemctl restart ssh`

Usifunge dirisha ulilonalo kabla hujafungua lingine na kuona unaingia, tafadhali.

Fayawoli, na mtego wa Docker

ufw ndo programu ya fayawoli, inachuja nani aingie kwa poti ipi:

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow 80/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw enable
```

SSH inabaki ya ndani tu, nje ni 80 na 443 basi. Sasa hapa ndo watu wengi wanaliwa: Docker (programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena, kila moja kwenye kisanduku chake) inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables (fayawoli ya Linux yenyewe) na zinapita pembeni ya ufw. Yaani kwenye faili la compose (mipangilio ya Docker) ukiandika `"8080:80"` ile 8080 inasikiliza kila upande hata kama ufw inakwambia imezuia kila kitu, utaangalia `ufw status` utaona kweupe kabisa na kontena la database liko wazi kwa kila aliye kwenye mtandao huo, na kama seva ina IPv6 ya umma basi NAT ya rauta (ile ya vifaa vyote kutumia IP moja ya nje) haikukingi huko, unategemea fayawoli ya rauta tu. Andika hivi:

```
ports:
  - "127.0.0.1:8080:80"
```

Na database usiipe `ports` kabisa, makontena yakiwa kwenye mtandao mmoja wa Docker yanaitana kwa majina. Ukimaliza piga `sudo ss -tlnp` usome mstari kwa mstari, kila penye 0.0.0.0 au [::] jiulize hiki kinafanya nini hapa, kama huna jibu kizime.

Rauta na DNS

Kwenye rauta ifungie seva ile IP ya 192.168.1.50 isibadilike, halafu tafuta sehemu iliyoandikwa Port Forwarding au Virtual Server, elekeza TCP 80 na 443 kwenda kwenye IP hiyo. UPnP zima, hutaki kila kifaa ndani ya nyumba kijifungulie poti kinavyotaka.

Kwenye domeini yako weka rekodi ya A inayoelekea IP ya umma. IP ikiwa inabadilikabadilika weka TTL (sekunde ambazo rekodi inakumbukwa) ya 300 na programu kama ddclient iwe inaisasisha. Rekodi ya AAAA (ya IPv6) kama haielekei popote pa kweli ifute, Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya HTTPS) wanaanza na IPv6 na itakusumbua kwenye cheti.

Caddy ishughulike na HTTPS

Nginx ni nzuri ila kwa seva ya nyumbani mi nasema Caddy, cheti inachukua yenyewe na kukihuisha yenyewe. Isakinishe, halafu `/etc/caddy/Caddyfile` iwe hivi:

```
tovuti.example.com {
    log
    reverse_proxy 127.0.0.1:8080
}
```

Kabla ya `sudo systemctl reload caddy` hakikisha `dig +short tovuti.example.com` inarudisha IP yako, maana Let's Encrypt wana kikomo cha majaribio yanayofeli, ukilazimisha utaambiwa subiri.

Kujaribu, zima waifai kwenye simu utumie data. Rauta nyingine haziruhusu kujirudia kwa IP ya nje ukiwa ndani, kwahiyo ukijaribia sebuleni unaweza kuona haifunguki wakati dunia nzima inaiona.

Ikishakuwa hewani

Fungua `sudo journalctl -u caddy -f` uangalie. Vyeti vyote vya Let's Encrypt vinaandikwa kwenye daftari la wazi na kuna wanaolisoma muda wote, kwahiyo utaona watu wanaomba `/.env`, `/.git/config`, `/wp-login.php` hata kama hujawahi kusikia WordPress. Zikijibiwa 404 (haipo) waache wachoke. Ikijibiwa 200 (ipo, imetolewa) na we hujui hiyo faili imetoka wapi, zima poti kwenye rauta kwanza halafu ndo uchunguze.

Sakinisha `unattended-upgrades` kwa ajili ya mfumo, lakini makontena haiyagusi, hayo lazima uyavute mwenyewe. Na kurasa za admini, paneli, SSH ukiwa safarini, usizitoe nje: weka WireGuard, elekeza UDP 51820 peke yake na uiruhusu kwenye ufw, pamoja na SSH kutoka mtandao wa WireGuard, maana ile sheria ya mwanzo inajua 192.168.1.0/24 tu. WireGuard haijibu chochote kwa asiye na ufunguo, kwahiyo hata anayeskani poti haioni.