Kuweka kiti cha rezini na mikanda ya shaba kwenye modeli ya F-5E

Kwenye F-5E ya kipimo cha 1/48, ndege ya kivita ambayo Jeshi la Anga la Kenya linayo, macho huenda kwanza chini ya kioo cha rubani. Pesa ya vipuri ianzie hapo: kiti na chumba cha rubani vya rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa), pamoja na mikanda ya shaba njano. Vya mabawa vitangoja.

Osha kwanza. Rezini hutoka kwenye kalibu na mafuta yake, na rangi haishiki juu ya mafuta. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu vinatosha. Kisha kata kitako kilichobaki chini ya kiti kwa msumeno mwembamba, upige msasa wa 400 halafu wa 600, vyote vikiwa vimelowa. Vumbi la rezini ni baya kwa mapafu, kwa hivyo vaa barakoa hata dirisha likiwa wazi.

Sasa jaribu bila gundi. Chumba cha rezini kina kuta zake na bodi ya plastiki, yaani kiwiliwili cha ndege, ina unene wake, ndiyo maana nusu mbili za ndege hukataa kufunga. Ukizilazimisha kwa raba bendi, mshono utafunguka baadaye. Kwangua plastiki kwa ndani, funga, tazama, kwangua tena. Iinue bodi kwenye mwanga: mahali panapoanza kung'aa, acha hapo hapo, pamebaki ngozi tu.

Mikanda ikate juu ya kigae. Mkeka wa kukatia hubonyea, na shaba hujipinda. Ikiwa mkanda unaruka kila ukiulaza kitini, upitishe kwenye moto wa kiberiti cha gesi hadi uwe mwekundu kidogo, uache upoe. Mikanda iliyopakwa rangi kiwandani usiichome.

Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki, rezini na shaba haizigusi. Hapo ni supaglu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi na supaglu hukauka kwa unyevu, basi tarajia ikushike upesi, na mvuke wake uache ukungu mweupe. Weka tone moja kwenye kifuniko, chovya ncha ya sindano. Chupa ifungiwe kwenye mtungi wenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ndani ya friji, na usiifungue kabla haijapoteza ubaridi, itatoa jasho ndani. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao.

Ndege hii husimama kwa gurudumu la puani. Pua ikiwa nyepesi, mkia utaketi chini. Kabla ya kufunga bodi, jaza pua kwa chubwi ndogo za wavuvi. Shika nusu mbili kwa selotepu pamoja na mabawa, egemeza kwenye penseli palipo magurudumu ya nyuma: pua ishuke yenyewe. Chubwi za risasi zishikishe kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi nyeupe na risasi hufanya kutu inayovimba, na baada ya miaka pua hupasuka.