Ethili asetati: kutoa gundi ya stika na rangi ya kucha

Dawa ya kutoa rangi ya kucha iliyoandikwa kuwa haina asetoni mara nyingi imetengenezwa kwa ethili asetati, kimiminika kinachoyeyusha rangi na gundi. Harufu yake ni tamu, kama pea zilizoiva.

Kwa kucha, lowesha pamba, ikandamize juu ya ukucha kwa sekunde 10 hadi 15, kisha vuta mara moja kuelekea ncha. Ukisugua mapema, rangi inasambaa kwenye ngozi. Rangi ya jeli iliyokaushwa kwa taa usihangaike nayo hapa. Hiyo inataka asetoni. Ukimaliza nawa, kisha paka mafuta, maana dawa hii hukausha ngozi.

Kazi inayoifaa hasa ni gundi ya stika kwenye chupa za kioo. Bandua kwanza karatasi kwa maji ya moto na sabuni, halafu kausha chupa kabisa. Ethili asetati haichanganyiki sana na maji, kwa hiyo unyevu ukibaki, dawa haiifikii gundi vizuri. Mimina kijiko kimoja cha chai kwenye tishu, ibandike juu ya gundi na uifunike kwa mfuko wa nailoni ili dawa isikauke haraka. Subiri dakika 2 au 3, kwangua kwa kijiti cha mbao, osha kwa sabuni.

Chombo kikiwa cha plastiki, kigeuze usome namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 2 na 5 huvumilia kufutwa haraka. Namba 6 huyeyuka, tena vikombe vya povu hutoboka hapo hapo. Vanishi ya mbao na maganda ya televisheni navyo huharibika. Ukiwa na shaka, gusisha pamba yenye tone moja mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Pakinata au pamba ikishika rangi, acha.

Usiifanyie kazi hii jikoni. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 4 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo mbali nawe. Fungua madirisha, kichwa kikianza kuuma, toka nje.

Kaza kifuniko, weka kivulini, mbali na watoto. Ikianza kunuka siki, maji yameingia na imeanza kuvunjika kuwa asidi ya siki na ethanoli. Usiipake tena kwenye kucha.