Kidato cha sita, anza na cheti cha kuzaliwa

Unayetaka mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania), usingoje matokeo ndipo uanze kusaka makaratasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na cha kifo cha mzazi vilevile kama umefiwa. Vyeti vya Zanzibar vinahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Fanya sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa na kila mtu kukimbilia mtandao uleule.

Halafu cheti cha kuzaliwa kiweke kando ya cheti cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Juma huku, Jumaa kule: kitu kidogo hivyo, lakini kukirekebisha kunataka mwanasheria, muda na hela (na hela ndiyo hiyo unayoiombea mkopo!). Kaya yenu ipo TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini)? Ulizia namba ya kaya mapema.