Kuandaa dekea yako kabla afisa wa afya hajabisha hodi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu wa Mukuru kwa Njenga kuandaa dekea yake, yaani kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kwa ukaguzi. Ni dekea kama zilivyo nyingi hapa Nairobi: chumba kimoja cha mabati, godoro ukutani, na watoto wanaoletwa alfajiri mama zao wakikimbilia kibarua viwandani. Niliyomweleza yeye ndiyo ninayokueleza wewe.

Hatua ya 1: Karatasi

Unahitaji kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha wazima moto, na jengo likaguliwe na afya ya umma. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto, ya mwaka 2017, na juu ya hiyo kuna Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242. Kila mlezi awe na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ombi hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtu anaenda kuchukuliwa alama za vidole. Anayepika au kulisha watoto apimwe na awe na cheti cha afya, ambacho hudumu miezi 6 tu. Tarehe ya kuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani.

Usipitie kwa broka. Nenda mwenyewe ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako, umwombe afisa aje akushauri kabla hajaja kukukagua. Wengi wao wanakubali, na wanafurahi kuulizwa.

Hatua ya 2: Mlango, jiko na ndoo

Dirisha lenye grili na mlango wenye kufuli kwa nje ni hatari moto ukizuka. Wakati watoto wako ndani, mlango ufungwe kwa komeo la ndani lililo juu, mtoto asilifikie, lakini mlezi alifungue kwa mkono mmoja huku amebeba mtoto. Jaribu ukiwa umebeba mtoto kweli.

Jiko la makaa lisiingie chumba wanacholala watoto, hata Julai baridi ikizidi. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtoto aliyelala haamki kukwambia kichwa kinamuuma. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Na ndoo zenye maji zifunikwe au zipandishwe juu, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji machache tu ya beseni akiangukia kichwa.

Hatua ya 3: Pembe ya nepi, na klorini

Hapa ndipo tulipokaa mchana mzima, kwa hiyo nitakaa hapa nawe pia. Kuhara husambaa kutoka nepi kwenda mikononi, kutoka mikononi kwenda kwenye kikombe na vinyago. Ukiiweka sawa pembe hii, umepunguza nusu ya wasiwasi wako.

Kwanza, mahali penyewe pa kubadilishia nepi. Pawe mbali na chakula, na pawe na kitu kinachofutika: turubai au plastiki nzito juu ya sponji. Kitambaa hakifai. Ndoo ya nepi chafu iwe na kifuniko. Maji ya bomba na sabuni yawe umbali wa kunyoosha mkono, kwa sababu mlezi akilazimika kuvuka chumba ili anawe, siku yenye watoto wengi hatanawa. Kama huna bomba, ndoo yenye koki inatosha. Beseni la kunawia watu wote sikubaliani nalo hata kidogo.

Sasa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Mwenzangu alikuwa na chupa ya dawa ya madoa na tulitafuta asilimia ya klorini kwenye lebo tukaikosa. Tukasoma tena maandishi madogo ya nyuma: ilikuwa dawa ya nguo za rangi, na hizo mara nyingi hazina klorini kabisa. Nguo inatakata, vijidudu vinabaki. Kwa hiyo nunua ile ya nguo nyeupe, isiyo na marashi, na kabla hujalipa hakikisha lebo inataja sodiamu haipokloraiti pamoja na asilimia yake. Tazama na tarehe, maana klorini hupungua nguvu ikikaa.

Nguvu unazohitaji ni mbili. Ya asilimia 0.5 ni ya mahali palipomwagika kinyesi, matapishi au damu. Ya asilimia 0.05 ni ya kila siku: turubai la nepi, poti, meza, vinyago. Hesabu yake ni hii: chukua asilimia iliyo kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa ikiwa ya 3.5, kwa dawa kali ni 3.5 gawanya kwa 0.5, unapata 7, toa 1, yaani kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Kwa ya kila siku unapata kikombe kimoja kwa vikombe 69. Kwa kuwa hakuna atakayehesabu vikombe 69, pima mililita 100 za dawa kwenye chupa ya kunyonyeshea iliyostaafu, ujazie maji hadi lita 7. Chora mstari wa lita 7 kwenye ndoo kwa rangi ya kucha. Chupa hiyo ya kupimia iandikwe SUMU na isirudi kamwe kwenye maziwa. Ukinunua chupa ya asilimia nyingine, fanya hesabu upya.

Kuna mambo ambayo ukiyapuuza kazi yote imeharibika. Osha kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Paka, kisha acha dakika 10 pakiwa pamelowa. Ukifuta papo hapo umepoteza dawa. Vinyago visuuzwe kwa maji safi baadaye, kwa kuwa vitarudi mdomoni. Changanya kwa maji baridi, kila asubuhi, na ya jana umwage. Ndoo isikae juani. Vaa glavu, fungua dirisha, na usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi wala kuimwaga juu ya mkojo kwenye poti: hutoa hewa inayochoma mapafu. Mwaga mkojo kwanza, suuza, ndipo utie dawa.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa na chakula

Chemsha au weka WaterGuard, dawa ya kutibu maji, kwa kipimo cha kifuniko chake, usubiri dakika 30. Mtungi uwe na koki. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5.

Hatua ya 5: Kulala

Mtoto mchanga alale chali, bila mto, bila blanketi zito usoni. Kila mtoto na shuka lake lenye jina. Mlezi mmoja abaki macho chumbani.

Hatua ya 6: Mgonjwa na dawa

Siku ya kuandikisha mtoto, omba kijitabu cha Mama na Mtoto uangalie chanjo. Surua hutolewa kwa miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wazazi wengi husahau. Wala usimfukuze mtoto ambaye hajachanjwa. Mwelekeze mama kliniki, umpe siku, ufuatilie.

Mtoto mwenye homa, anayehara au mwenye vipele vipya asibaki kundini; achukuliwe na mtu wa nyumbani. Najua mama akikosa kibarua siku hiyo hakuna unga nyumbani. Ndiyo maana jambo hili huzungumzwa na kuwekwa sahihi siku ya kwanza, mtoto akiwa mzima, na mama ataje jirani au shangazi wa kumchukua. Dawa haipewi mtoto bila jina lake, kipimo, saa na sahihi ya mzazi. Usimtulize mtoto kwa dawa ya mafua. Hilo sina mjadala nalo.

Bandika ukutani nambari hizi: 999 au 112 kwa dharura, 1199 ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, na 116 kwa dhuluma dhidi ya watoto.

Hatua ya 7: Daftari

Daftari la karatasi, lile la jalada gumu. Simu huisha chaji, na huwezi kumkabidhi afisa simu yako. Andika saa ya kuingia na kutoka, aliyemchukua mtoto na sahihi yake, aliyeugua, aliyeanguka, dawa iliyotolewa, na aliyechanganya klorini asubuhi. Mtoto akija na alama mwilini, iandike mama akiwa bado mlangoni.

Afisa akifika, mpe daftari kabla ya vyeti. Akitaja kasoro, mwombe aiandike humo na tarehe atakayorudi, kisha mtie sahihi wote wawili.