Kufuma mzula wa baridi kwa sindano mbili

Mizula mingi huharibikia kwenye vipimo, si kwenye ufumaji. Kofia inatoka safi, lakini ama inafunika macho ama inaacha alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo anza na futi kamba: izungushe kichwani juu kidogo ya masikio na katikati ya paji. Kwa kichwa cha sentimita 56, ambacho ni cha kawaida kwa mtu mzima, fuma mzula wa sentimita 49 hivi. Kitu kilichofumwa huvutika, na huko kubana kidogo ndiko kunakoushikilia kichwani.

Tafuta gramu 100 za uzi wa unene wa kati, sindano ndefu zenye unene wa milimita 5, nyingine za milimita 4 kwa ajili ya pindo, na sindano butu yenye tundu kubwa ya kushonea. Sufu halisi huhifadhi joto hata ikipata unyevu, jambo la maana kwenye ukungu wa Limuru mwezi wa Julai. Akriliki ni ya bei nafuu na haisumbui kufua. Kwa mzula wa mtoto, ichukue hiyo.

Kabla ya yote, fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 24 kwa sindano za milimita 5, kirefu cha sentimita 12. Hesabu vitanzi vilivyomo kwenye sentimita 10 za katikati. Vipimo hapa ni vya vitanzi 18. Ukipata 20, mkono wako unakaza, na vitanzi 90 vitakupa sentimita 45 tu. Panda hadi sindano za milimita 5.5. Ukipata 16, shuka hadi 4.5. Wengi huruka hatua hii, kisha hufumua kofia nzima.

Kuna mishono miwili tu. Kwa kitanzi cha uso, uzi hukaa nyuma na ncha ya sindano hupenya kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa kitanzi cha mgongo, uzi hukaa mbele na ncha hupenya kutoka nyuma kuja mbele.

Anzisha vitanzi 90 kwa sindano za milimita 5 ili ukingo usikaze, ukiacha mkia wa uzi wa mita 2. Hamia sindano za milimita 4 ufume pindo: viwili vya uso, viwili vya mgongo, hadi mwisho wa mstari, ambao huishia na viwili vya uso. Mstari wa kurudi huanza na viwili vya mgongo, kisha viwili vya uso, na kuendelea hivyo. Unapobadili mshono, pitisha uzi katikati ya sindano mbili. Ukiupitisha juu ya sindano unazaa kitanzi cha ziada. Ndiyo maana wanaoanza hushangaa vitanzi 90 vimekuwa 97. Hesabu kila baada ya mistari minne.

Pindo likifika sentimita 12, rudi kwenye sindano za milimita 5. Sasa upande wa nje wote ni vitanzi vya uso, wa ndani wote vya mgongo, hadi kofia nzima ifike sentimita 20. Kingo zitajikunja; usijali, ukishona ubavu zitanyooka.

Kupunguza utosini hufanyika upande wa nje tu. Mistari ya ndani ni ya mgongo bila kupunguza. Fuma kimoja, kisha rudia mara nane: fuma 9, unganisha viwili pamoja. Malizia na kimoja, vimebaki 82. Mstari wa nje unaofuata fuma 8 kabla ya kuunganisha, kisha 7, na kushuka hivyo kila safari vikipungua 8. Mara ya kumi unaunganisha viwili viwili bila kufuma kati yake, vinabaki 10. Kwa kichwa cha sentimita 50 anzisha vitanzi 82 na uanze kupunguza kwa 8 badala ya 9.

Kata uzi ukiacha sentimita 70, upitishe kwenye vitanzi vyote 10, vuta hadi tundu lizibe, rudia mara ya pili. Kwa uzi huohuo shona ubavu kuteremka chini. Zikibaki sentimita 6, geuza kofia ushonee upande wa pili, maana pindo likikunjwa sehemu hiyo ndiyo huonekana.

Mzula wa sufu ufuliwe kwa maji ya baridi bila kusugua, kwani maji ya moto huusinyaza na hauvutiki tena. Uanike umelala juu ya taulo. Ukining'inizwa umelowa, maji huuvuta ukarefuka.